Je, Aliyenyamaza Amekubali?

Desemba 2015 mawaziri wa biashara kutoka pande zote za dunia walikutana Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC. Ulikuwa mkutano wa kumi wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, na wa kwanza kufanyika Afrika. Mwenyekiti alikuwa Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, mwanadiplomasia ambaye mwaka 2005 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la shirika hilo mjini Geneva. Mkutano ulipangwa kufungwa Ijumaa tarehe 18. Ijumaa ikapita watu wangali wanavutana juu ya rasimu, na ilikuwa Jumamosi uamuzi ulipotoka: nchi tajiri ziache kutoa ruzuku kwa mazao ya kilimo zinayouza nje, na nchi zinazoendelea zifuate baadaye.

Kwa mkulima wa Afrika, ambaye kwa miaka mingi alishindana sokoni na mazao yaliyoteremshwa bei kwa fedha za serikali za wengine, uamuzi huo haukuwa mdogo. Shirika lilikuwa na wanachama 162 wakati huo. Hakuna aliyepiga kura.

Ndivyo inavyokuwa katika mikutano hii yote. Mwenyekiti hutaja hati iliyo mezani, huinua macho kuutazama ukumbi, kisha husubiri. Mbele ya kila ujumbe pana kibao chenye jina la nchi, na anayetaka kusema hukigeuza kikasimama wima. Vibao vikibaki vilivyo, nyundo hugonga meza, na kuanzia hapo nchi zote zimefungwa na uamuzi huo.

Kanuni yenyewe imeandikwa. Mkataba ulioanzisha shirika hilo, uliotiwa saini Marrakesh, Moroko, Aprili 1994, unasema katika kifungu cha tisa kwamba maamuzi yatafikiwa kwa mwafaka. Tanbihi iliyo chini yake inaeleza mwafaka ni nini: uamuzi utahesabiwa kuwa wa wote iwapo hakuna mwanachama, kati ya waliokuwapo ulipochukuliwa, aliyetoa pingamizi rasmi. Mkataba unaruhusu kura, kila nchi kura moja, lakini kwa desturi kura hazipigwi.

Tanbihi hiyo fupi inawatia watu watatu katika fungu moja. Yumo aliyeridhika. Yumo aliyekuwa na shaka akauzuia ulimi wake. Na yumo ambaye hakuwemo ukumbini kabisa, kwa kuwa tanbihi inamtazama aliyekuwapo tu, na asiyekuwapo hana pingamizi linaloweza kuhesabiwa. Wote watatu wanaandikwa kuwa wamekubali. Nyuma ya kila mmoja wao wapo mamilioni ya wavuvi, wakulima, wagonjwa na wafanyakazi wa viwandani, nao pia wanaandikwa kuwa wamekubali.

Je, ni haki kuwaandika hivyo? Swali hili lilikuwapo kabla ya shirika lolote la biashara. Wanasheria wa dini waliligombania kwa karne nyingi, na majibu yao yana uzito hata leo.

Mwaka 1298 Papa Boniface VIII alitoa kitabu cha sheria za Kanisa Katoliki, na mwishoni mwake zikawekwa kanuni fupi 88. Ya 43 inasema kwamba anayenyamaza huonekana amekubali. Ya 44, inayoifuata papo hapo, inasema anayenyamaza hakiri, ingawa hakani pia. Ya kwanza ndiyo iliyosafiri duniani. Ya pili hutajwa mara chache. Hata hivyo aliyeziweka pamoja alijua alifanyalo. Alikuwa anamwonya hakimu kwamba kimya kina sura zaidi ya moja, na kwamba kazi ya kuzipambanua ni yake.

Thomas More aliyaonja hayo kwa shingo yake. Aliwahi kuwa mkuu wa mahakama na mshauri wa karibu wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Mfalme alipojitangaza kuwa mkuu wa Kanisa la nchi yake, More hakupinga hadharani wala hakuunga mkono, alinyamaza. Mwaka 1535 alishtakiwa kwa uhaini. Alijitetea kwa kanuni ile ya 43: ikiwa sheria humhesabu anyamazaye kuwa amekubali, basi kimya chake kisigeuzwe kuwa ukaidi. Waliomshtaki walidai kwamba kimya kile kilikuwa ushahidi wa moyo uliokataa. Alikatwa kichwa Julai mwaka huo. Kimya kilekile, kanuni ileile, na kila upande ukasoma ulichotaka kusoma. Aliyeshika dola ndiye aliyeamua maana.

Upande wa pili wa bahari ya Mediterania swali hili lilikuwa limeshachambuliwa kwa kina zaidi. Waislamu wa Pwani ya Afrika Mashariki, Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Komoro, kwa sehemu kubwa wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, aliyezaliwa mwaka 767 na kufariki Misri mwaka 820. Kwake hunasibishwa msimamo kwamba mtu aliyenyamaza hapachikwi kauli. Karne nyingi baadaye, Dola la Uthmaniya lilipoandika sheria zake za madai kati ya 1869 na 1876, chini ya usimamizi wa mwanazuoni Ahmed Cevdet Pasha, msimamo huo ukawa kifungu cha 67 cha Majalla, kama sheria hizo zilivyoitwa, pamoja na nyongeza nzito: kimya mahali ambapo kusema kunahitajika huhesabiwa kuwa kauli.

Mjadala ulikuwa mkali zaidi katika suala la ijmaa, yaani mwafaka wa wanazuoni. Mwanazuoni akitoa fatwa, wenzake wa zama zake wakaisikia na wasiikanushe, je, hapo wanazuoni wameafikiana? Wengi wa wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walisema ndiyo, kwa masharti. Shafii, kwa kauli yake iliyo mashuhuri, hakukubali. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilifungua suala hilo kwa kutaja sababu zinazoweza kumnyamazisha mtu ilhali hajakubali. Huenda angali anatafakari. Huenda anamwogopa msemaji. Huenda anaamini kuna mwingine aliyekwisha kukanusha, naye amepunguziwa mzigo. Huenda anaona kwamba hata akisema hatasikilizwa.

Hata pale ambapo sheria ya Kiislamu inakipokea kimya kuwa ridhaa, inakipokea kwa hadhari. Mfano unaojulikana na kila mtu Pwani ni wa mwanamwali anayeozwa. Kimya chake hukubaliwa kuwa ndiyo, kwa sababu haya yake inajulikana. Lakini lazima kwanza aulizwe, tena swali alisikie na alielewe. Mwanamke aliyewahi kuolewa hana udhuru huo, naye hutakiwa atamke kwa kinywa chake.

Ukizichukua sababu za Ghazali ukaingia nazo katika mkutano wa mawaziri, utazikuta zote zimekaa vitini.

Kuna anayetafakari bado. Rasimu za usiku wa mwisho hupikwa na wachache. Nairobi, saa za mwisho za mvutano zilikuwa za Marekani, Umoja wa Ulaya, India, China na Brazil, na wengine waliletewa kilichokwisha kupatikana. Kuielewa aya moja ya hati ya biashara kunahitaji mwanasheria, mchumi, na mtu anayejua viwanda au mashamba ya nyumbani. Ujumbe mkubwa huja na hao wote, kila kikao kina watu wake. Ujumbe mdogo huwa na watu wa kuhesabika kwa vidole, huku vikao vya kilimo, huduma na uvuvi vikiendelea kwa wakati mmoja katika vyumba tofauti. Zipo nchi wanachama ambazo hata ofisi ya kudumu Geneva hazina. Lugha rasmi za shirika ni tatu tu, Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, hivyo wajumbe wengi huisoma sentensi yenye mtego kwa lugha ya kujifunza darasani.

Kuna anayeogopa, na hofu yake ina msingi. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya AGOA, iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia katika soko hilo bila ushuru. Ni fadhila, na mwenye fadhila anaweza kuiondoa. Nchi za Afrika Mashariki zilipopanga kupunguza mitumba ili viwanda vyao vya nguo vipate kupumua, Marekani ilitishia kuzitoa katika mpango huo. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Mjumbe aliyeyaona hayo yakimpata jirani anapofika mezani huwa ameshajua bei ya kusema.

Kuna anayetegemea kwamba wenzake wa kundi la Afrika au la nchi maskini watasema, nao wanamtegemea yeye. Na kuna aliyekata tamaa. Mwaka 2003, katika mkutano wa Cancún, Meksiko, nchi nne zinazolima pamba, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama pamoja kudai ruzuku kubwa wanazopewa wakulima wa pamba wa nchi tajiri ziondolewe. Rasimu iliyotolewa ikaelekeza badala yake kwamba nchi hizo zisaidiwe kupanua uchumi wake zaidi ya pamba. Mjumbe anayejibiwa hivyo hahitaji kutishwa ili mara nyingine anyamaze.

Kwa sababu hizi, kanuni ya Marrakesh inakosea kimsingi inapouchukua ukumbi uliotulia kuwa ushahidi wa ridhaa. Ridhaa ni tendo la mtu anayejua, aliyeulizwa, anayeweza kukataa na kesho yake akabaki salama. Moja ya hayo likikosekana, kimya kinathibitisha tu kwamba hakuna aliyesema.

Watetezi wa kanuni wana jibu: hakuna nchi iliyolazimishwa kujiunga, na aondoke asiyependa. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alilikuta jibu la aina hiyo mwaka 1748, pale wenzake waliposema kwamba raia anayeendelea kuishi katika nchi ameikubali serikali yake. Hume aliwauliza kuhusu mtu aliyebebwa usingizini akaingizwa jahazini: je, kwa kubaki humo ameukubali uamuzi wa nahodha, wakati njia pekee ya kutoka ni kujitupa baharini? Komoro iliomba kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007, ikaingia Agosti 2024. Nchi ya visiwa inayotegemea kuuza karafuu, vanila na mafuta ya ilangilangi haijadili miaka yote hiyo kwa sababu ina pa kwenda kwingine. Kusema iko huru kutoka ni kutaja uhuru wa kwenye karatasi.

Jibu la pili lina nguvu zaidi. Ikiwa kila nchi itatakiwa itamke ridhaa yake, mambo yatakwama. Na yanakwama tayari, kwa sababu pingamizi la mmoja linatosha. Mwaka 2020 wanachama walikuwa wamemwelekea Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria awe mkurugenzi mkuu. Marekani ikasema hapana, na uteuzi ukasubiri hadi serikali mpya ya Marekani ilipobadili msimamo mwaka 2021. Chombo cha rufaa cha shirika kimelala tangu Desemba 2019 kwa kuwa nchi hiyohiyo inazuia uteuzi wa waamuzi wapya, ingawa wanachama wapatao 130 wanataka uteuzi uanze. Mtu atauliza: je, tuongeze milango ya kufungwa?

Mifano hiyo, hata hivyo, inaonyesha kinyume cha inachokusudiwa kuonyesha. Haki ya kupinga ni sawa kwa wote katika maandishi, lakini uwezo wa kuitumia si sawa. Taifa kubwa linaweza kusema hapana peke yake kwa miaka na hakuna wa kuliadhibu. Rwanda ilisema hapana juu ya mitumba katika mipaka yake yenyewe, ikalipa. Kanuni inayokihesabu kimya kuwa ndiyo inampa mwenye nguvu vitu viwili: hapana yake husikika, na ndiyo za wengine huchukuliwa bila kuombwa.

Tena historia ya mikutano hii ina ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana. Seattle, mwishoni mwa 1999, wajumbe wa Afrika waliachwa nje ya vyumba vidogo ambamo rasimu zilitengenezwa. Mawaziri wao hawakungoja kikao cha mwisho. Walitoa tamko kwamba kwa namna mambo yalivyoendeshwa hawataweza kujiunga na mwafaka, na mkutano ukavunjika bila azimio. Julai 2001 mawaziri wa nchi maskini zaidi walikutana Zanzibar, wakiratibiwa na Tanzania chini ya waziri wake Iddi Simba, wakaandika kwa pamoja wanachotaka. Novemba mwaka huo walikwenda Doha wakiwa na maandishi mkononi.

Doha ndiko kulikotokea jambo linaloligusa swali letu moja kwa moja. Nchi tajiri zilitaka mazungumzo mapya juu ya uwekezaji, ushindani, manunuzi ya serikali na taratibu za forodha. Murasoli Maran, waziri wa India, aligoma. Mkutano ukasogezwa mbele ya siku yake ya mwisho. Hatimaye azimio likaandikwa kwamba mazungumzo hayo yangeanza kwa uamuzi utakaofikiwa kwa mwafaka wa wazi, na mwenyekiti, waziri wa Qatar Youssef Hussain Kamal, akafafanua mbele ya wote jinsi alivyolielewa sharti hilo. Kwa mara hiyo, katika mambo hayo manne, kimya hakikutosha tena. Miaka miwili baadaye, Cancún, nchi za Afrika zilikataa kuutoa mwafaka huo, na matatu kati ya manne yakaondolewa kwenye ajenda mwaka 2004. Shirika halikufa. Mazungumzo ya forodha yaliendelea kwa ridhaa yao na yakazaa mkataba mwaka 2013.

Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, aliutetea mwafaka kama msingi wa siasa ya Afrika, akirejea mabaraza ya jadi ya Waashanti. Julius Nyerere naye aliwahi kuandika juu ya wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Wiredu hakuishia kwenye sifa. Alisisitiza kwamba kuwa na mwakilishi barazani hakutoshi. Mawazo ya anayewakilishwa yanatakiwa yaingie na kupimwa katika kila uamuzi unaomhusu. Mwafaka wa wazee huja baada ya maneno ya kila mmoja kusikika. Mwafaka wa tanbihi unaweza kupatikana bila wengi kusema neno.

Lakini kifungu cha 67 cha Majalla kina nusu ya pili, na hiyo inamwelekea mjumbe mwenyewe. Waswahili husema mjumbe hauawi, kwa maana asemacho si chake, kwa hiyo lawama si yake. Hilo linamfaa mpeleka barua. Waziri aliyekaa nyuma ya jina la nchi yake amepewa zaidi ya barua: amepewa mamlaka ya kuwafunga watu ambao hawamo chumbani. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, mwaka 1651, aliandika kwamba tendo la mwakilishi huwa tendo la waliompa mamlaka, kana kwamba wao wametenda. Kama ni hivyo, kimya chake nacho ni chao. Mtu binafsi anaweza kunyamaza kwa woga na akasameheka, kwa sababu anayeumia ni yeye. Mwenye amana ya wengine yuko mahali ambapo kusema kunahitajika, na anayejua kwamba aya fulani itawanyima wagonjwa wake dawa au wavuvi wake bahari, kisha akanyamaza, ametamka.

Doha ilionyesha wajibu huo unavyotimizwa. Ukimwi ulikuwa unaua Afrika, na dawa zilikuwa za bei isiyoshikika kwa sababu ya hataza. Nchi za Afrika ziliungana na nyingine kudai itamkwe wazi kwamba kanuni za hataza hazizuii nchi kulinda afya ya watu wake. Tamko hilo lilipita tarehe 14 Novemba 2001, na likafungua njia kwa serikali nyingi kununua dawa za bei nafuu bila hofu ya kesi. Hakuna mjumbe mmoja mdogo ambaye angelipata peke yake.

Kuna pia kimya cha tabaka la chini zaidi. Siku ya kwanza ya mkutano wa Cancún, nje ya uzio uliozuia waandamanaji, mkulima wa Korea Kusini Lee Kyung-hae, aliyewahi kuongoza wakulima wenzake, alijitoa uhai katika maandamano. Serikali yake ilikuwa na ujumbe ndani ya uzio. Hakuna falsafa inayotakiwa kukitukuza kifo kile, na hakuna inayoruhusiwa kukipita. Kati ya mtu na mjumbe wake kulikuwa na umbali ambao yeye aliuona hauvukiki.

Umbali huo hupunguzwa nyumbani, kabla ya safari na baada yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Novemba 2016 wabunge waliujadili mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao Kenya na Rwanda zilikuwa zimeutia saini Septemba, na ambao Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameuonya waziwazi kwamba utaua viwanda vichanga. Bunge likaishauri serikali isiutie saini. Mtu anaweza kuamini kwamba Nairobi na Kigali ziliona mbali zaidi kuliko Dodoma, au kinyume chake. Hata hivyo hoja zilisemwa kwa lugha ambayo wananchi wanaielewa, na msimamo wa nchi ukawa kitu kilichotamkwa.

Mikutano ya mawaziri haipewi nafasi hiyo. Wajumbe huondoka bila Bunge kuulizwa ni mambo gani yasipite katika kimya chao, na hurudi na taarifa ya yaliyokubaliwa na wote, isiyoonyesha nani alisema nini. Kamati za Bunge zinaweza kudai maagizo hayo kwa maandishi kabla ya safari, na kumwita waziri akirudi aeleze ni wapi alipinga, wapi alinyamaza na kwa nini. Huko ukumbini, nchi za Afrika zinaweza kudai lile lililopatikana Doha liwe kanuni kwa kila jambo jipya linalozifunga: kila nchi iulizwe kwa jina, baada ya muda wa kusoma, na jibu lake liandikwe.